Hotuba Iliyobaki Kwenye Bati

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, bati la paa la ukumbi wa parokia mjini Bunia hutoa hotuba ya mheshimiwa Dominique Uyirwoth, ile ile aliyoitoa humo mwaka 2011. Huchukua dakika kumi na moja pamoja na kikohozi. "Mulimaji mudogo anachelewesha inchi," lasema bati. "Mashamba ipewe makampani." Akina mama wa kwaya husimamisha mazoezi, humwacha amalize, kisha huendelea walipoishia.

Marcelline, mwalimu wa jiografia, hakuona ugumu wa kuyaandika hayo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ambako ukurasa wa mheshimiwa ulimwita mtetezi wa wakulima wadogo. Mama yake, Sylvie, alinyang'anywa shamba kule Mahagi miezi mitatu baada ya hotuba, ndiyo maana sasa anaishi kwa binti yake. Marcelline alitaka sentensi moja ya kweli isimame mahali fulani mama akiwa bado hai. Jambo hilo lilimuuma, na hakuficha.

Sentensi yake ilifutwa siku hiyo hiyo. Wahariri waliuliza: chanzo kiko wapi?

Akarekodi bati. Akajibiwa kwamba bati si chapisho. Basi akafanya kama afanyavyo mtu yeyote wa Bunia mwenye haki yake: akaandika ushuhuda, akakusanya saini arobaini, akaupeleka kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa, upigwe kashe za ofisi, moja nyekundu, moja ya buluu. Akaupiga picha, akautuma. Mhariri mmoja mwenye adabu nyingi akamjibu kwamba mihuri ni mizuri, lakini nayo si chapisho.

"Kashe mbili!" alisema Sylvie. "Banataka nini tena?"

"Kitu ya kuchapishwa, mama."

Alhamisi moja mheshimiwa mwenyewe alikuja ukumbini kugawa vijitabu vya kampeni. Saa nne ilipofika alivua kofia, akajisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi pamoja na wengine. Kisha akasema kwamba maisha yake yote amekuwa upande wa mkulima mdogo. Vijitabu vilichapishwa vizuri, kwa karatasi ya kung'aa. Kufikia Jumamosi, ensaiklopidia ilikuwa na chanzo cha kumwita mtetezi: kijitabu hicho, ukurasa wa kumi na mbili.

Marcelline alikifungua kijitabu kwenye ukurasa huo mbele ya mama yake. Palikuwa na picha ya mheshimiwa akicheka katikati ya mahindi, na nyuma yake kichuguu chenye vichwa viwili.

Sylvie alikisogeza kijitabu karibu na macho, akaweka kidole juu ya kichuguu.

"Ile shamba yangu," alisema. "Angalia mahindi, iko muzuri. Banapalilia."

Alifurahi kweli, siku nzima. Ukurasa wa mtandaoni haujaguswa tena, kwa kuwa una chanzo. Picha Sylvie aliikata, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Alitaka kumtoa mheshimiwa kwa wembe, lakini huyo alikuwa amesimama katikati ya mistari, na kumtoa kungeharibu mahindi.