Tangawizi na Kona ya Fundi Kufuli

Wewe umewahi kumwona farasi akimngoja mtu? Sisemi mtu anayekuja, huyo hata mbuzi humngoja. Nasema kusimama barabarani, shingo imetulia, sikio moja limegeukia pembeni, anampa mtu nafasi apande, na ukitazama hapo hakuna mtu. Mimi nimemwona. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kamba, kwa hiyo usiniambie ni macho ya uzee.

Farasi mwenyewe alikuwa wa wale wadogo ambao hata wakikua hawakui. Mgongo wake ulinifika kifuani, nami si mrefu. Rangi yake ilikuwa ya tangawizi iliyomenywa, ndiyo maana mwanangu alimwita Tangawizi. Mwanangu huyo alikuwa akiendesha mkokoteni wa mikate, na aliyeuvuta ni mama yake Tangawizi. Tangu angali mchanga, Tangawizi alifungwa kamba ubavuni mwa mama yake, akawa anakimbia naye njia nzima. Ndivyo farasi wa kazi anavyoanza: anasikia magurudumu, anaona magari, anazoea.

Kisha asubuhi moja lori likakatika breki kwenye mteremko wa soko. Mwanangu akaenda, na farasi jike akaenda naye. Tangawizi alikuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Nyumba ikabaki na mimi, mkwe wangu, na huyo mwenye miguu minne.

Mkwe wangu hakulia msibani. Alikaa ameegemea ukuta, na kila aliyekuja kumpa pole alimwuliza jambo moja tu: "Aliondoka saa ngapi?" Watu wakatazamana. Mimi ndiye niliyejua, maana usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nikamwambia, nikidhani namtuliza:

"Ilikuwa bado giza, mwanangu. Alipita mlangoni kwangu akaninong'oneza, 'Mama, usimwamshe. Mwache alale, jana alichoka.' Mumeo alikupenda mpaka dakika ile."

Akainuka, akatoka, akaenda kusimama bandani kwa Tangawizi. Kuanzia hapo hakunisemesha ila la lazima. Sikuelewa nimemkosea nini. Sikumwuliza. Mimi ni mtu wa kusubiri.

Baada ya kumaliza msiba akaja mwoka mikate, bado ana unga kwenye nyusi. Akakataa kukaa.

"Bibi, njia ya marehemu nimewashikia," akasema. "Lakini wenye maduka wananipigia kelele. Mpaka mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo kuna kijana ana pikipiki ya magurudumu matatu, nitampa yeye. Mnisamehe."

Hatukuwa na kazi nyingine ya kuinjika chungu jikoni. Nikafungua mdomo nimwombe, mkwe wangu akanitangulia.

"Tutamfundisha Tangawizi avute."

"Atamfundisha nani?"

"Mimi na Mama."

Mwoka mikate akaitazama miguu yangu kwenye viatu vya raba, akameza cheko kama mtu aliyemeza mbegu.

Lakini mimi nimeolewa na mwendesha mkokoteni, nikazaa mwendesha mkokoteni. Nimeona farasi wakifundishwa uani kwangu kama wengine wanavyoona watoto wakikua. Tukaanza na mikanda mitupu, tukimvisha wakati anakula ili asiijali. Kisha lijamu mdomoni, tumelipaka sukari. Kisha vikinga macho, vile vya ngozi vya kumzuia asione nyuma. Hapo ndipo farasi anapojifunza kumwamini mtu asiyemwona, anamjua kwa sauti na kamba tu. Mkwe wangu akawa anatembea nyuma yake na kamba mbili ndefu, mimi pembeni nikipiga kopo tupu ili azoee kelele. Jirani mmoja akachungulia dirishani akauliza harusi ni ya nani.

Fundi wa ngozi akaja kupima kola ya shingoni. Mtu mwenye maneno huyo.

"Huyu ni farasi au mbwa aliyeshiba?"

"Pima kola, fundi," nikamwambia. "Mdomo wako hatujauagiza."

"Nauliza tu, Bibi. Nisije nikatengeneza kola, kumbe mnataka mnyororo."

Ila alipompapasa kifua akatulia. "Ana moyo huyu," akasema. "Atavuta."

Uani alikuwa mtiifu kama mtoto wa chuoni. Tukamtoa barabarani alfajiri, magari yakiwa machache. Nyumba yetu iko kwenye kichochoro cha mawe, na kichochoro kinaishia kwenye kona, penye kibanda cha fundi kufuli chenye ufunguo mkubwa wa bati juu ya mlango. Tangawizi akatembea vizuri mpaka pale, akasimama. Mkwe wangu akamgusa kwa kamba. Hapana. Akanyanyua mguu wa mbele wa kushoto, akaushikilia hewani.

"Kijiwe hicho," nikasema.

Nikainama na msumari wangu, nikachokoa ukwato. Safi. Nilipouacha chini akanyanyua wa kulia. Safi. Akanyanyua wa nyuma, kisha wa mwisho, mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtoto anayevuliwa viatu. Halafu akatulia, sikio la kushoto limegeuka. Tukangoja. Ngozi ya mgongo ikamtetemeka, ile mikanda ikalia kidogo, na akaondoka mwenyewe bila kuambiwa.

"Mama, umesikia?" mkwe wangu akauliza.

"Nimesikia nini?"

"Basi."

Ikawa hivyo kila alfajiri. Tukamfunga tairi la gari alivute, akalivuta. Tukambana mbavuni na miti miwili ili azoee mikono ya mkokoteni, akazoea. Lakini kwenye kona ya fundi kufuli, miguu minne, kisha kungoja, kisha kutetemeka, kisha safari. Na mimi nikaanza kuona kwamba mkwe wangu, aliyekuwa mlalaji wa kuburutwa, sasa anaamka kabla ya jogoo. Nikitoka namkuta kizingitini amejifunga khanga, amevaa viatu, anatazama lango.

Seremala alituletea mkokoteni aliouunga upya. Magurudumu mapya, mikono mipya, ila ubao wa kukalia ni ule ule wa mwanangu, na kisanduku chini yake ni kile kile. Tukauacha uani. Kesho yake umande ulikuwa umeanguka mzito, kila kitu kimelowa, ndoo, kamba, ubao. Ila ubaoni, upande wa kushoto, palikuwa pakavu. Pakavu kiasi cha mtu mmoja wa umbo la kawaida. Nikaweka kiganja. Sitasema palikuwa na joto, maana mkono wangu ulikuwa baridi na mkono baridi hudanganya.

Nikageuka, mkwe wangu yuko nyuma yangu. Ameona. Akachukua kitambaa akafuta umande wa ubao wote, polepole, akapaacha pale pakavu.

Fundi wa ngozi akaleta kola, ikamkaa shingoni kama alizaliwa nayo. "Mfungeni leo," akasema. "Mnangoja nini, ajifunze kusoma?"

Mkwe wangu akasema kola itamchubua, tuilainishe kwanza kwa mafuta. Siku iliyofuata akasema mvua. Siku iliyofuata akasema turudi kwenye tairi kidogo, hajakomaa. Mwezi ukawa unaisha. Kijana wa pikipiki akapita kichochoroni kwetu akipiga honi, anajifunza njia. Tangawizi hakugeuza hata kichwa. Mkwe wangu ndiye aliyegeuza.

Nilimwelewa nusu. Nilijua anaogopa farasi akishahitimu, anayekuja kumfundisha hatakuja tena. Na mimi pia, usinione jasiri, kuna asubuhi nilisimama kwenye ile kona nikijisikia vizuri tu, kama mama anayepita mlango wa chumba akamsikia mtoto wake anakoroma ndani. Lakini chungu kilitaka kuinjikwa.

Aliyetufungulia ni mzee mfagia barabara. Alikuwa haonekani siku zote hizo kwa ajili ya kifua, na siku aliyorudi kazini alitukuta pale, Tangawizi ana mguu juu.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto hajasahau," akasema, ameegemea fagio. "Anataka avuliwe magunia."

"Magunia gani, baba?" mkwe wangu akauliza.

"Hamjui? Marehemu kila alfajiri alimtoa farasi kwa kumkokota mkononi, mkokoteni nyuma taratibu usingurume, amemfunga vipande vya gunia kwenye kwato. Na huyu mdogo hivyo hivyo. Mawe ya kichochoro chenu yana kelele. Akifika hapa anamvua mguu mmoja mmoja, anaweka kwenye kisanduku, anapanda, anapiga mluzi mmoja, wanaondoka. Nikamwuliza siku moja, kwani umeiba huyo farasi? Akacheka. Akasema, ndani kuna mtu amelala."

 Tuliporudi nyumbani, mkwe wangu akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha mkokoteni. Vilikuwemo, vipande vya gunia na kamba zake, vikubwa na vidogo. Siku zote nilidhani ni matambara ya kufutia grisi. Akaviweka mapajani, akavinyoosha kimoja kimoja kama anayekunja nguo za mtoto.

"Kesho tunamfunga," akasema. "Mwambie mwoka mikate atupe mzigo."

Alfajiri mkokoteni ulikuwa umejaa, mikate imefunikwa shuka, inanukia mpaka tumbo likaniuma. Nilikaa ubaoni upande wa kulia. Mkwe wangu akashika hatamu akitembea pembeni. Hakumfunga Tangawizi magunia. Kwato zikagonga mawe, magurudumu yakanguruma, madirisha mawili yakafunguliwa, na kijana wa pikipiki alikuwa ameegesha mbele yetu anatazama kama tutafika. Duka la kwanza hufunguliwa jua likichomoza, na mbingu tayari ilikuwa imepauka.

Kwenye kona, Tangawizi akasimama. Akanyanyua mguu wa mbele wa kushoto.

Mkwe wangu akanipa hatamu. Akachuchumaa, akafungua fundo ambalo halikuwepo. Akaushusha mguu, akapokea wa pili. Aliipitia miguu yote minne, hakuharakisha, na kila alichovua alikiweka kando kama kitu chenye uzito. Kijana wa pikipiki akaacha kutabasamu.

Mkokoteni ukainama kushoto.

Ubao ulizama kando yangu, springi zikalia, kama zinavyolia mtu mzima akikanyaga na kupanda. Mimi nilitazama mbele. Nilisikia harufu ya mikate na ya ngozi mpya, na sikugeuza shingo, maana kuna mambo ukiyatazama unayafukuza.

Tangawizi akangoja. Sikio la kushoto nyuma. Tukangoja wote. Mbingu ikazidi kupauka, mikate ikazidi kupoa.

"Anataka mluzi," nikanong'ona.

Mkwe wangu akakaza midomo, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Kisha akaacha. Akazunguka mbele ya farasi, akaja upande wa kushoto, akashika ukingo wa ubao kwa mikono miwili na kuinua uso, mahali ambapo uso wa mtu aliyekaa ungekuwa. Akasema jambo. Lilikuwa fupi na sauti yake ilikuwa ndogo, nami ni mtu mwenye heshima, sikutega sikio.

Ubao ukainuka. Taratibu, kama mtu anayempisha mwingine.

Kisha nikasikia mluzi, mmoja, mbali kidogo, kule mbele ambako barabara inapinda. Huenda alikuwa mzee wa fagio. Sijamwuliza na sitamwuliza. Tangawizi akaegemea kola, mikanda ikakaza, magurudumu yakaanza. Mkwe wangu akakimbia hatua chache, akaruka, akakaa kando yangu pale kushoto, akachukua hatamu mkononi mwangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Tukaipita pikipiki. Tukalipita duka la vitambaa, na ukuta mrefu wa ghala. Tukafika duka la kwanza, mwenye duka ndiyo kwanza anavuta mlango wa chuma, akapokea mikate yake akabonyeza mmoja kwa kidole, akasema bado ya moto. Tangawizi akakojoa barabarani kama mwenye nyumba.

Tulipoondoka pale ndipo nikauliza. Nilikuwa nimesubiri tangu msibani, ningeweza kusubiri tena.

"Umemwambia nini, mwanangu?"

Akampitisha Tangawizi kwenye shimo, gurudumu la kulia kisha la kushoto, kwa mkono wa mtu aliyezaliwa na kazi hiyo. Akavuta pumzi.

"Nimemwambia nilitaka aniamshe."