Ngumi ya Pembeni ya Sikio

Ukumbini watu wote waliiogopa ngumi ya fundi wa kuchomelea mageti, isipokuwa binti yake. Walianza karate pamoja, mwaka wa tatu sasa, na kila mwalimu aliposema tafuteni wenza, wawili hao walikuwa wameshasimama uso kwa uso. Baba anapiga, binti anakinga. Ukiwatazama kutoka mlangoni ungesema mambo yamenyooka.

Lakini fundi alikuwa na siri yake. Ngumi aliielekeza upana wa kiganja kando ya sikio la mtoto, kila mara, bila kukosea. Mwalimu, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, alikwisha kuwaambia wote tangu siku ya kwanza: pigeni polepole mkitaka, lakini lengeni uso wenyewe. Fundi aliitikia kwa kichwa. Uso ule ameuogesha tangu ukiwa wa siku saba, leo aupige kwa sababu ya mkanda?

Siku ya mtihani wa mkanda wa kahawia, binti alikinga ngumi ishirini za baba yake, moja baada ya nyingine. Ndugu na majirani wakapiga makofi. Mwalimu hakuandika kitu.

"Binti, shusha mikono," alisema. "Usikinge. Baba, endelea vilevile."

Fundi akajua yamemfika. Akapiga, ngumi ikapita kando ya sikio. Akapiga tena, ikapita. Binti alisimama mikono chini, hakuguswa hata unywele, na ukumbi mzima ukaona. Hakuna aliyepiga makofi.

"Binti, sasa kinga. Baba, mpige mdomoni," mwalimu alisema, kama mtu anayeagiza chai.

Fundi alipunguza nguvu kadiri alivyoweza. Hata hivyo mkono wa binti ulikwenda kulekule ulikozoea, pembeni ya sikio, na mdomo ukapasuka. Mkanda hakuupata.

Wakati wa kurudi nyumbani binti alitangulia hatua mbili.

"Miaka mitatu, baba," alisema bila kugeuka. "Ulikuwa unanidanganya kwa lipi?"

Fundi aliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo haina pa kujifichia.

Miezi minne binti alifanya mazoezi na muuza nyama wa palepale ukumbini, mwanamke asiyemwonea mtu huruma. Fundi alipangiwa wenye mikanda myeupe, na hao hakuwakosa. Kisha jioni moja binti akaja kusimama mbele yake.

"Ukinikosa makusudi nitajua," alisema.

Fundi alipiga, na safari hii alilenga mdomo kwelikweli; kila ngumi ikakutana na mkono wa binti njiani.

Kesho yake karakanani mteja alimkuta ameshika nyundo kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba toka kiwiko hadi kiganja. Akamuuliza nani kamfanyia hivyo.

"Binti yangu," fundi alisema, akapandisha mkono wa shati ili mteja aone vizuri.