Sahani moja ya Kasonia

Bwana yangu Kasonia eko na kansere ya ngozi. Bénite, infirmière, muuguzi mwenye anatufikiaka hapa Mususa, anaiitaka limfoma. Mie naiitaka kuchoka. Asubui naosha bidonda, naweka poudre, unga ya kuondoa harufu, nafunga bitambaa, namupa sirop ya maumivu. Kisha anaanza kujikuna, na mie naanza tena.

Ku hospitali ya Beni baganga balishatuambia: dawa ya kuponesha hakuna, ya kumupumuzisha iko. Sawa. Lakini Kasonia hakuomba kupona. Aliomba kula na yaya yake, ndugu yake mukubwa Malachie, ku sahani moja, sawa vile balikulaka tangu butoto. Na koo yake inaanza kufunga. Bénite anasema karibuni hata uji haitapita.

Malachie anatokaka Lubero na mufuko ya biraya, biazi bya kwabo. Mutu muzuri, lakini tangu Ebola ipite huku kwetu, anaogopa hata kivuli yake. Kila akikuya anasema alishakula mu njia. Njia gani hiyo yenye kushibisha batu, sijui. Namupakulia pembeni, anakula akiangalia ukuta. Kasonia anarudisha sahani yake yenye kujaa.

Jumapili Malachie alifika tena. Bénite alikuwa anabadilisha bitambaa.

«Papa Malachie, hii bugonjwa haiambukizake batu. Kuleni pamoja, hakuna neno.»

«Nimesikia, mama,» Malachie akajibu. Akaenda kukaa karibu na mulango.

Hapo njo nilichoka kabisa. Nikapakua bugali na sombe, majani ya muhogo, yote ku sahani moja kubwa, nikaiweka mbele ya Kasonia.

«Shemeji, ya pembeni leo hapana. Ukikataa, kamata biraya yako urudi Lubero.»

Akasimama. Kisha akanawa mikono, akakawia ku ile maji, akavuta kiti. Kasonia naye akatia mukono, bidole bimefungwa kitambaa, akamega tonge, akaichovya mu sombe. Akaifikisha karibu na kinywa. Akashindwa. Koo ilikuwa imefunga.

Nikajisemea, tumekawia.

Kasonia akanyoosha ule mukono, akapelekea ndugu yake ile tonge.

«Yaya, basi kula weye.»

Malachie akaangalia bile bitambaa. Kisha akafungua kinywa, akalishwa sawa mutoto. Akamaliza bugali yote, machozi inaangukia mu sombe, na Kasonia anamumegea tu.

Mie sikulia, nguvu ya kulia iliisha zamani. Nilikamata sahani, moja tu, nikaenda kuiosha.