Bwana Harusi wa Nyanungu

Mama mkubwa Efrazia, wa hapa kijijini kwetu Nyanungu, alizaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali. Mumewe alipofariki, shemeji yake Stanslaus akaanza kupitapita shambani kwake, akihesabu hatua kama mpima ardhi. Nilimchukia tangu hapo, na sifichi.

Sisi Wakurya tuna dawa ya jambo hilo: nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanarithi. Mama mkubwa akampenda Irine, muuza viatu vya mtumba sokoni Sirari, binti wa mzee Ryoba. Irine alikubali mwenyewe.

"Huyu mama halewi, hapigi," aliniambia. "Niletee mwanaume mwenye sifa hizo."

Posa ikaanza. Mama mkubwa hapendi kuulizauliza watu bei, kwa hiyo nikamfundisha kuiuliza simu, kwenye tovuti moja ya duka. Akatafuta gauni la bibi harusi. Akatafuta kitanda cha sita kwa sita, na blanketi la kumpelekea baba mkwe. Tovuti ikajumlisha, ikaona hapa pana kijana anaoa. Kuanzia siku hiyo kila akiifungua: "Karibu tena, bwana harusi!" Zikafuata suti, tai, mafuta ya kuotesha ndevu, na dawa za nguvu za kiume za kila rangi.

"Ina adabu," alisema mama mkubwa, akijipapasa kidevu. "Lakini ndevu nitazipeleka wapi?"

Kosa lake lilikuwa kupeleka simu ikachajiwe kwa Stanslaus, mwenye sola. Stanslaus akachungulia, akaziona zile dawa, akafurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Siku ya kumaliza mahari tulikuwa kwa mzee Ryoba. Ng'ombe wetu walikuwa wameshaingia zizini kwake na wazee wameketi. Stanslaus akasimama.

"Wazee, shikamooni. Huyu mama ana hawara, tena kijana! Anamtafutia suti na dawa za chumbani. Ng'ombe za marehemu kaka yangu ndiyo zinaliwa hivyo. Hiyo ni ntobhu gani?"

Irine akainamisha kichwa. Mzee Ryoba akageuka kutazama lango la zizi, na mimi nikaogopa kweli. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekufa, na shamba ni la Stanslaus.

Nikajikaza, nikamgeukia mzee Ryoba. "Tata, hiyo tovuti inamfuata mtu na mambo yake. Ukitafuta jembe, inakuletea mbolea. Mama mkubwa katafuta vitu vya harusi, ikamwona bwana harusi."

"Uongo!" Stanslaus akafoka. "Tovuti ni ileile kwa kila mtu. Hata mimi ninayo!"

"Basi fungua yako, mura, tuone," akasema mzee Ryoba.

Akaifungua kwa mbwembwe, akamkabidhi mzee bila hata kuitazama. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole kama anayesoma somo kanisani.

"Karibu tena, Stanslaus. Seng'enge uliyoitazama bado ipo. Nguzo za uzio kwa ajili ya shamba lako jipya. Na usisahau kibao chako: MALI YA STANSLAUS, USIPITE."

Akavua miwani. "Shamba lako jipya liko wapi?"

Stanslaus akanyoosha mkono kuidai simu yake. Mzee mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mzee Ryoba akaomba simu ya mama mkubwa. "Karibu tena, bwana harusi," akasoma. Akaitazama kidogo, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Sasa hii imekosea wapi?" akauliza. "Ng'ombe zimeingia, mke ni huyu hapa. Mkwe, njoo ukae huku na wanaume wenzako. Zile dawa utatuonyesha baadaye."

Mama mkubwa akabeba kigoda chake, akakiweka katikati ya wazee, akaketi. Alikuwa analia waziwazi, na hakujifuta.