Ngozi ya Kushikiza

Daktari alipomweleza, Fundi alielewa kabla hajamaliza. Ngozi ya nguruwe, tena nguruwe aliyebadilishwa vinasaba ili mwili wa binadamu usiikatae upesi, ingemfunika mdogo wake kifua, mgongo na mikono kwa siku kumi. Zikizidi sana, kumi na mbili. Kisha ingebanduliwa, awekewe ngozi yake mwenyewe, itakayochunwa mapajani.

"Yaani ni bandi," Fundi alisema. Miaka ishirini na mitano alikuwa akiwashonea watu nguo; aliujua uzi unaopigwa kushikiza kitambaa, kisha unafumuliwa.

"Hasa," daktari akajibu. "Na nguo ya bandi haivaliwi harusini."

Mdogo wake alikuwa mpiga rangi wa magari. Thina, ile ya kuzimulia rangi, ilishika moto gerejini, naye yumo katikati. Siku za kwanza, kila alipobadilishwa bandeji, alipiga mayowe hadi Fundi, aliyemlea tangu mama yao afariki, akaziba masikio huko koridoni. Siku moja aliingia akamshika mguu, maana mikono haikushikika, akamwahidi: "Hawatakuumiza tena. Mimi nipo."

Ngozi ile ilipowekwa, maumivu yakapungua. Ikashika, ikawa na rangi ya waridi, na mgonjwa akarudiwa na maneno yake. "Nikikoroma mnisamehe," aliwaambia wauguzi. "Si mimi, ni mwenzangu." Wodi nzima ikaangua kicheko. Fundi naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo ndipo alipopotea.

Maana siku ya kumi, alfajiri, upasuaji ukiwa saa tatu, mdogo wake aliikodolea macho chupa ya chai.

"Dada, nipe kidogo."

"Si umeambiwa usile wala usinywe?"

"Ndiyo maana naomba. Nikila hawanipeleki. Hii imeshika, dada, tazama mwenyewe. Wanataka kunichuna mapaja ya nini? Uliniahidi."

Akampa chai ya maziwa na mkate. Muuguzi alipouliza, Fundi akasema alisahau, na upasuaji ukaahirishwa. Siku ya kumi na mbili akampa tena. Safari hiyo daktari alikunja uso, akasogeza upasuaji hadi kesho yake. Fundi aliona haya, lakini alijiambia kwamba ngozi nzuri vile haikosi kudumu. Fundi gani huyo? Wateja wangapi aliwagombeza kwa kuondoka na nguo yenye bandi, eti imewakaa vizuri?

Siku ya kumi na tatu alimpa bila kuombwa. Alimkuta anatetemeka, akadhani ni baridi tu, akaona chai itampasha moto.

Saa mbili wakafungua bandeji. Chini ya kwapa ukingo wa ngozi ulikuwa umenyanyuka kama pindo lililoachia. Waridi imekuwa zambarau, na harufu yake ilimfanya Fundi arudi nyuma. Daktari aligusa kidogo, kipande kikabaki kwenye glavu.

"Mwili umeikataa, na chini kumeingia usaha," alisema. "Anaingia sasa hivi. Hajala?"

"Sijala," mdogo wake akadakia, meno yakigongana. Alimtazama dada yake kwa macho yaleyale ya kuomba chai. "Dada, waambie sijala. Nipelekeni."

Fundi aliogopa vibaya sana. Akisema, wangengoja. Akinyamaza, wangemlaza tumbo limejaa, na chai ile ingeweza kumpalia humohumo usingizini.

"Amekula," alisema. "Nimempa mimi, saa kumi na mbili."

Hakuna aliyemgombeza. Daktari alivua glavu. "Basi ni saa sita mchana, tumbo likishakuwa tupu, si kabla. Tumwombee dawa zimshikilie mpaka hapo." Muuguzi alichukua kalamu, akachora mstari shingoni mwa mgonjwa, pale uvimbe uliopanda kutoka kwapani ulipoishia na ngozi nzima kuanza. "Ukivuka hapa, niite."

Fundi aliketi kando ya kitanda. Maisha yake yote alikuwa akichora mistari ya chaki, na kitambaa kilitulia pale alipokiweka. Mdogo wake alikuwa amefumba macho. Fundi alitamani angalau amtukane.

Uvimbe uliuvuka mstari saa tatu kasorobo. Fundi akaita, akatazama saa ya ukutani, na kufika saa sita zilibaki saa tatu na robo.