Wanarekodi Kimya Chetu

...na sasa pua inaniwasha, siku nzima nashona haiwashi, inangoja wageni waombe utulivu, na Mrefu, yule fundi wa sauti mwenye vidude masikioni, ameinua kidole juu, maana yake tusisogeze viti, tusikohoe, na zaidi ya yote tusiguse vyerehani, eti kabla ya kumhoji mtu lazima warekodi chumba kikiwa kimya kitupu, wakaunganishie vipande vyao huko kwao, ndivyo alivyotafsiri shemeji, na shemeji anajua, tangu mapigano yaishe amekuwa mkalimani wa kila mwenye kamera, siku hizi hata umuulize kama anataka chai anatulia kwanza kama anayesubiri umalize sentensi... basi nimetulia tuli kama maji mtungini, mimi, ambaye mama alisema siku nikifa mdomo utazikwa kesho yake, na wifi yangu pale kwenye cherehani cha dirishani simtazami, nikimtazama tumekwisha, maana hii ni mara ya tatu tunaanza, ya kwanza iliharibiwa na simu ya mwandishi mwenyewe, ya pili ni wifi, alijibana kicheko mpaka akatoa mlio kama birika, na Mrefu akashusha kidole taratibu, mtu mvumilivu yule, mkewe kapata... kesho taarifa yao inatoka kwenye televisheni, na mwanangu ataiona, hilo tu ndilo linaloninyima raha, si kamera, kamera naiona kama mteja mwingine tu asiyejua anachotaka, ni mwanangu, yuko mbali huko anasomea uuguzi, mitihani ya mwisho inaanza wiki ijayo, na kwa taarifa ile ya mwaka jana alikuwa ameshafungasha arudi nyumbani... walikuja wengine mwaka jana, si hawa, risasi zilikuwa zimenyamaza siku chache tu, paa matundu matupu, na mimi nimekaa mlangoni nimeshika tama, ni kweli nilishika tama, na machozi yalikuwa yananitoka, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimekata gauni la mkunga, kitambaa cha maua upande mmoja, upande wa pili cheupe pe, nikasahau kugeuza kiolezo nikakata mikono yote miwili ya kushoto, fundi yeyote anajua hilo ni balaa gani, huwezi kuugeuza mmoja ukawa wa kulia, maua yatabaki ndani, na kitambaa hakikubaki hata cha leso, na mkunga si mtu wa mzaha, ndiye aliyenizalisha, mpaka leo akinikazia macho nahisi ataniambia sukuma... ndipo wale wakapita na kamera, hawakuuliza kitu, wakapiga, wakaondoka, na jioni dunia nzima ikaambiwa mama huyu amepoteza kila kitu. Kila kitu, kwa mikono miwili ya gauni. Simu ikaita, "Mama, usinifiche, kuna nini tena?" nikamwambia hakuna kitu mwanangu, nimekata mikono ya kushoto yote miwili, akasema, "Mama, nimekuona kwa macho yangu," na kweli aliniona, sasa utabishana vipi na macho ya mtu, ikabidi shemeji ambembeleze kwa simu akiwa tayari kituo cha basi na begi lake, na shemeji kwa kubembeleza hajambo, lakini safari hii akiacha mitihani ndiyo basi tena, miaka yote imekwenda na maji... kwa hiyo nilikuwa nimeshapanga, nitacheka tu, wakiniuliza hivi nicheke, wakiniuliza vile nicheke, tuko salama salimini, paa jipya, wateja tele, nimevaa na hereni, wifi amenipaka wanja mpaka nafanana na mgeni rasmi...

na huyu mwandishi nilikuwa nimemwekea kinyongo tangu alipoingia, maana aliniomba tukakae nje, kwenye ukuta ulioanguka wa jirani, badala ya humu nilimopaka rangi kwa mikono yangu, nikamwambia shemeji, "Mwambie ukuta ule una mwenyewe, mimi nahojiwa kwangu," shemeji akatafsiri, ikawa fupi mno, sijui alisema nini, ila binti akainamisha kichwa akakubali... halafu ile simu ikalia katikati ya kimya, na shemeji akaninong'oneza, "Mama yake huyo, ameona taarifa yake ya jana, anauliza kama bado yuko hai, anauliza kama anakula," taarifa aliyoitengeneza mwenyewe, binti wa watu, imeenda kumtia homa mama yake, na yeye yupo hapa ameshiba mikate yangu, pindo la suruali limefumuka amelibana na pini, na kinyongo chote kikaniishia palepale, nikamwona mtoto wa mtu tu, akimaliza nitamshonea lile pindo... kimya, sasa kimekuwa kimya kweli, hata mtaa umetusaidia, na ndani ya kimya hiki kuna kitu upande wa kushoto, pale ukutani, kuna nyundo haigongi. Ya fundi viatu, jirani yule mwenye ukuta. Enzi zake alikuwa anagonga tangu asubuhi huku anaimba, Mungu alimnyima sauti akampa pumzi, wifi akimgongea ukuta aache, naye ndiyo kwanza anapandisha sauti... alirudi kufunga duka siku ile ya mapigano, hakutoka tena, tulimlia mtaa mzima, tukamzika kabla kamera haijafika hata moja, na zilipofika zikapiga picha ukuta wake, hakuna aliyeuliza ni wa nani, na mimi nimeishi mwaka mzima sisikii kwamba haigongi, vyerehani vilikuwa vinanizibia, mpaka leo hawa wamekuja wakatuzima... wanairekodi nyundo ile na hawajui, Mrefu anasikiliza kwa vidude vyake vyote na hajui, na mimi nikikaa hapa na hereni zangu nikacheka tu, yeye hatakuwamo tena, na mwanangu alimaliza shule kwa viatu vya mzee yule, alivitia soli mpaka vikabaki soli tupu, ataniangalia nacheka atasema mama kapangwa, mama kuna jambo anaficha, na begi litarudi kituo cha basi vilevile, kana kwamba nimelia... aa, sasa naona, nitasema yote, nitaanza na mkunga na ile mikono yake, wacheke wakitaka, kisha fundi viatu, jina lake, na alivyoimba vibaya, na kama hapo machozi yatanitoka yatoke tu, yatakuwa yake kwa haki, na shemeji atatafsiri neno kwa neno, akifupisha nampiga futi ya kupimia mbele ya kamera... Mrefu bado ameinua kidole, mwandishi amefumba macho, hakuna aliyejongea, na mwanangu huko aliko akiniona nacheka na kulia kwenye swali lilelile moja, hereni zinaning'inia, wanja unachuruzika, atasema huyo ndiye mama yangu, mzima, na atarudi kusoma.