Sevuda Amehamia Kwenye Simu

Misa ya pili ilikuwa haijaisha, lakini Immakulata alikwishafagia banda, akanyunyiza maji kutuliza vumbi na kupanga mabenchi. Banda lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa bati, na madirisha yake yamezibwa kwa viroba vyeusi ili mwanga usiharibu picha. Mjini huliita banda la namna hiyo kibanda umiza. Hapo kijijini, kwenye njia ya kwenda Rungwe Mpya, wanawake waliliita kwa Immakulata, ingawa televisheni, dishi, betri na sola vilikuwa mali ya Lukmani, mwenye duka la vifaa vya umeme Kasulu.

Cha Immakulata kilikuwa mdomo. Tamthilia zilizoingia kwenye dishi zilitoka Uturuki zikiwa zimevishwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha mbio, cha watu wa Dar es Salaam wanaogombana wakiwa wamevaa suti. Wengi wa wanawake waliokuja kwenye banda lile walikuwa wasemaji wa Kiha na Kirundi, Kiswahili chao cha sokoni na cha kwenye mizani ya maharage. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye stuli kando ya kioo cha televisheni, akawageuzia maneno kwa Kirundi hapo hapo yanapotoka. Mama mkwe akifoka, Immakulata anafoka. Sevda, mkwewe, akilia, Immakulata naye analia, na banda zima linalia. Huyo Sevda wanawake walimwita Sevuda, na kulikuwa na bibi mmoja, Mpawenimana, ambaye alimwombea kanisani kwa jina hilo.

Kiingilio waligawana yeye na Lukmani nusu kwa nusu. Nusu yake ndiyo iliyomweka binti yake Aline hosteli, kidato cha tatu. Kabla ya televisheni Immakulata alikuwa mtu wa vibarua, anapalilia mihogo ya wenzake hadi Kagerankanda, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza anaposema jambo. Hilo la pili hakuwahi kumwambia mtu, lakini lilimuuma kuliko jembe.

Kisha stesheni ikaihamisha tamthilia. Haikuaga wala haikuuliza. Sevda aliachwa amesimama nje ya mlango wa mama mkwe, mvua inanyesha, mtoto mgongoni, na badala ya kuona kama mlango utafunguliwa, watu wakaona maandishi meupe: sehemu zilizobaki zinapatikana kwenye app yetu pekee. Immakulata aliwageuzia hayo pia. Neno la kuitafsiri app hakulipata, akasema Sevda amehamia kwenye simu. Wanawake wakauliza anarudi lini.

Wiki mbili walikaa hivyo, wakiangalia mashindano ya kupika na matangazo ya sabuni. Jumapili hiyo Lukmani akaja mwenyewe na pikipiki, ana simu kubwa mpya na waya wa kuiunganisha na televisheni.

"Mwidiwe, Mama Aline," alisalimia. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani, lakini yeye alizaliwa Kasulu na salamu ya Kiha ilimtoka bila kujitahidi.

"Mwidiwe, Baba Shamsia. Umetuletea mtu wetu?"

"Nimemleta, ila kafungiwa." Akakaa kwenye benchi, akafuta jasho kwa kofia yake. "Sikiliza mchezo wao. Dishi tunalilipia kila mwezi, sivyo? Sasa wametoa humo vitu vyote vitamu, wameviweka kwenye app yao, na humo nako ni kulipia. Stesheni ile nyingine nayo ina app yake. Mpira una app yake. Kila mmoja kajenga kijumba na mlango wake, na wewe mtazamaji uzunguke na pochi."

"Kwani dishi si tulilipia ili tuvione hivyo hivyo?"

"Unaniuliza mimi? Waulize wao. Nimepiga simu huduma kwa wateja, mama, nimesikilizishwa muziki mpaka salio limekata." Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Ila kuna kidirisha. Kila namba mpya inapewa wiki moja bure. Namba yangu nimeshaitumia kujaribu, ya mke wangu pia. Sasa wewe hapa una wanawake wangapi wenye simu? Leo tunaandika mmoja, wiki ijayo mwingine. Tunakwenda hivyo mpaka tamthilia inaisha na hatujawapa senti."

Immakulata akaliona hilo kuwa jepesi. Wanawake wale walikuwa tayari kumchangia Sevda nauli ya kutoka Uturuki kama angekuja. Namba ya simu ingewashinda nini?

Lukmani akageukia upande wa televisheni. "Na nikwambie ukweli, usije ukasema sikukwambia. Nikikosa namba leo, hii naing'oa. Shemeji yangu Hamis yuko Kibondo, ana ukumbi wa mpira karibu na stendi, vijana wanajaa hadi nje. Mimi siwezi kulipia dishi ili watu watazame sabuni."

"Namba utapata," alisema Immakulata. Alisema kwa sauti ya mtu mwenye chake mkononi.

Misa ikatoka. Wanawake wakaja wakiwa bado na vitenge vya kanisani, wengine na watoto mgongoni, wakajipanga kwenye mabenchi mpaka ya nyuma. Bibi Mpawenimana akakaa mbele kama kawaida, akavua ndala zake akazikalia zisipotee. Lukmani akachomeka waya. Kwenye kioo kikubwa ikatokea picha ya Sevda mwenyewe, pale pale mlangoni, na banda likapiga kigelegele. Chini ya picha kulikuwa na kitufe cha kijani na neno moja: Jiandikishe.

Immakulata akainuka kwenye stuli. Alifurahi, na furaha ikamharakisha. Kwa miaka yote sifa yake ilikuwa kwamba hapunguzi wala haongezi. Kinachosemwa kwenye kioo ndicho anachokitoa kwa Kirundi, neno kwa neno. Akasoma kitufe, akakigeuza kama alivyogeuza kila kitu.

"Kina mama, Sevuda yupo. Ila kwanza wanataka mwiyandikishe."

Kigelegele kikakatika.

Immakulata alizaliwa hapo hapo, mama yake Muha na baba yake Muha. Kwake yeye kujiandikisha kulikuwa shule, ushirika wa maharage na daftari la kura. Wengi wa waliokaa mbele yake walilijua neno hilo kwa njia nyingine. Walilisikia kambini, walipokuwa wakimbizi kutoka Burundi, kwenye kipaza sauti, asubuhi baada ya asubuhi: mwiyandikishe, mwiyandikishe gutahuka, jiandikisheni kurudi kwenu. Walikuwapo waliojiandikisha wakidhani ni mgao wa sabuni na kujikuta kwenye orodha ya mabasi ya mpakani. Sasa baadhi yao walikuwa raia wenye vyeti, baadhi walikuwa wake wa raia, na baadhi mambo yao yalikuwa hayaulizwi na mtu. Wote waliijua sauti ya neno lile.

"Nani anataka?" aliuliza mama mmoja kutoka nyuma, Ndayiragije.

"Hawa wenye tamthilia. Si jambo kubwa. Ni jina tu na namba ya simu."

"Jina lipi? La kwenye kitambulisho?"

Immakulata akamtazama Lukmani. Lukmani, ambaye Kirundi alikisikia nusu nusu, akadhani wanauliza utaratibu, akasoma kwa sauti kutoka kwenye simu, kwa Kiswahili cha polepole ili kila mtu amwelewe: "Jina kamili. Namba ya simu. Tarehe ya kuzaliwa. Mkoa. Wilaya. Halafu unabonyeza hapa, nakubali masharti."

Kila kipengele kilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ndayiragije akafunga mtoto wake vizuri mgongoni na kuinuka.

"Unakwenda wapi, mama, hatujaanza bado," alisema Immakulata.

"Nimeacha maharage motoni."

Baada yake wawili wakakumbuka maharage yao, kisha wanne. Hakuna aliyegombana. Waliinuka kwa heshima, wakainama chini ya kizingiti, wakatoka, na Immakulata akasimama katikati ya mabenchi akitafuta neno jingine. Akasema si kuandikwa kule, ni kuandikwa kwa televisheni. Akasema ni kama kuweka vocha. Akasema serikali haimo, na hapo hata wale waliokuwa wakisitasita wakaondoka, maana hakuna aliyekuwa ameitaja serikali.

Akabaki Bibi Mpawenimana peke yake, amekalia ndala zake.

"Mniandike mimi," alisema. "Mimi cheti ninacho, kimelaminishwa. Nataka kujua kama ule mlango unafunguliwa."

Lukmani karibu ambusu mkono. Akaingiza namba ya bibi, wakasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Simu ya bibi, ya vitufe, haikulia. Badala yake kwenye kioo kikubwa yakatokea maandishi mekundu: namba hii imeshatumika kwa huduma ya majaribio.

"Nani katumia simu yako, bibi?"

Bibi akafikiri. "Mjukuu wangu aliiomba. Alisema anaangalia filamu mara moja tu."

Walikuwa bado wanayatazama maandishi yale mekundu mlango ulipogongwa. Mtendaji wa kijiji aliingia akiwa na shati la kanisani na kalamu mfukoni, jasho linamtiririka. Alikuwa ametembea haraka.

"Mama Aline, nimeambiwa hapa watu wanaandikishwa."

"Wanaandikishwa tamthilia, mheshimiwa."

"Tamthilia au chochote. Zoezi lolote la kuandikisha wananchi linapitia ofisini kwangu. Kibali chako kiko wapi?"

Lukmani akamwonyesha simu. "Mtendaji, hii ni app. Nchi nzima inajiandikisha, hakuna anayeomba kibali."

"Nchi nzima si kijiji changu. Watu wananipigia simu wanauliza mabasi yanakuja lini. Nijibu nini? Wilayani wakisikia, nani atahojiwa, ni hao wa app?" Kisha akashusha sauti, maana hakuwa mtu mkorofi, alikuwa mtu mwoga. "Fungeni tu kwa leo. Mkitaka kuendelea mwandike barua, ipite kwa mwenyekiti, ije kwangu, niipeleke kata."

"Barua ya kuangalia televisheni?" aliuliza Immakulata.

"Ya kuandikisha watu."

Akaondoka. Bibi Mpawenimana naye akavaa ndala, akamshika Immakulata bega, akatoka. Banda likabaki na mabenchi, na Sevda kwenye kioo, kalowa.

"Baba Shamsia, nipe wiki moja," alisema Immakulata. "Nitapita nyumba kwa nyumba nikawaeleze."

"Ukawaeleze nini, mama? Neno limeshatoka." Alikuwa tayari anachomoa waya. Hakusema kwa ubaya. "Mimi nina mkopo wa betri. Kibondo wananisubiri tangu mwezi uliopita."

"Na mimi?"

Lukmani akaukunja waya. Akasema atamuulizia Hamis kama anahitaji mtu wa kufagia ukumbi. Wote wawili walijua kwamba Kibondo ni mbali na kwamba vijana wa mpira hawahitaji mtu wa kuwageuzia goli kwa Kirundi. Akaifunga televisheni kwa blanketi, Immakulata akamshikia upande mmoja, wakaitoa nje pamoja. Immakulata alijikuta anamwagiza apite polepole kwenye makorongo isije ikapasuka, na akajichukia kwa kujali.

Alifunga mlango wa banda lisilo na kitu cha kuiba. Hakujihurumia sana kwa ajili ya pesa. Hizo angezitafuta kwenye mashamba ya watu kuanzia kesho, jembe analo. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amewatisha watu wake kwa mdomo ule ule waliouamini.

Njia ya kwenda kwake ilipita nyuma ya ua wa Bibi Mpawenimana. Wanawake waliotoka bandani walikuwa huko, kama nusu yao, wamekaa kwenye turubai wanapukuchua maharage mabichi, bado na vitenge vya kanisani. Walipomwona wakainamia maharage yao. Immakulata angeweza kupita. Akasimama, akawaamkia, wakaitikia.

Pikipiki ya Lukmani ikapita barabarani na mzigo wake wa blanketi, wakaisindikiza kwa macho mpaka ilipozama kwenye kona. Ndayiragije akasogea kidogo kwenye turubai. Immakulata akavua viatu, akakaa, akachukua maganda mawili matatu na kuanza kupukuchua kama wenzake.

"Mama Aline," alisema Bibi Mpawenimana, "hebu niambie. Sevuda ule mlango walimfungulia?"

Immakulata hakujua. Hakuna mtu kijijini aliyejua, na wale waliojua walikuwa wanauza. Akatazama mikono ya wanawake wale, yote imesimama, yote inamsubiri.

"Walimletea karatasi," alisema kwa Kirundi. "Wakamwambia ajiandikishe kwanza, ndipo wamfungulie."

"Yampaye inka!" bibi akaapa kwa Kirundi. "Akajiandikisha?"

"Yaranse," alisema Immakulata. "Alikataa. Yuko pale pale nje na mtoto wake."

Mikono ikarudi kwenye maharage. Bibi Mpawenimana akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha habari aliyoihisi tangu zamani.

"Hivyo hivyo," alisema. "Asiwape jina."